Ndani ya Chapeo ya Goliathi

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Butihinda, kibarazani kwa mama.

Mvua imetishia tangu asubuhi na haijanyesha. Mawingu yamejazana upande wa Tanzania, hewa ni nzito, na kipaji changu cha uso kinawasha kiasi kwamba natamani kukisugua kwenye ukuta. Naandika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili nimeukalia ili usijikune.

Nianze kwa kukiri, maana hapa ndipo mahali pekee ninapokiri bila kupiga magoti.

Mimi ni mtu wa kisasi.

Wako watu wakikosewa hulia, wako wanaosamehe wakalala usingizi wao. Mimi huweka. Kosa nalihifadhi mahali pakavu na kulikagua mara kwa mara, kama mama anavyokagua mbegu zake za maharage zisiingie wadudu. Kosa la Nestor nimelikagua mwaka mzima, na kila nikilifungua nalikuta zima.

Kwa asiyenijua: natengeneza bampa. Niko Gitega, kwenye gereji ya Mzee Rajabu, na kazi yangu ni faiba. Unakata kitambaa cha nyuzi za kioo, unakipaka rezini iliyochanganywa na dawa ya kugandisha, tabaka juu ya tabaka, kikikauka unapata kitu chepesi na kigumu. Teksi ikigonga mti, basi dogo likikwaruza ukuta, wanakuja kwangu. Wateja wapya wakifika humuuliza Mzee fundi yuko wapi, huku nimesimama mbele yao na brashi mkononi.

Mwaka jana Mwalimu Perpetua, anayeongoza kundi la maigizo la vijana wa kanisa pale Mushasha, mtaa wa Gitega, alinijia na swali: anayetengeneza bampa anaweza kutengeneza kichwa cha simba? Walikuwa wanaigiza Danieli katika tundu la simba. Nilisema naweza kabla sijajua kama naweza. Nilikesha na udongo, nilikosea mara mbili, na mwisho akatoka simba ambaye watoto walimkimbia kweli. Aliyemvaa ni Nestor. Nestor anafundisha hesabu, ana sauti kubwa, na kila mchezo lazima yeye awe ndiye mtu mkubwa.

Simba alichezwa mara tatu. Mara ya tatu ndiyo ilikuwa kubwa, na siku hiyo nilimwita mama kutoka Butihinda, nikimwambia simba ni wangu. Alivaa nguo yake ya harusi za watu. Alikaa mstari wa tatu na mkoba mapajani. Mchezo ulipokwisha, mgeni wa heshima akauliza nani katengeneza simba huyu wa ajabu. Nestor akachukua kipaza sauti.

"C'est moi. Ni mi mwenyewe nilimutengeneza, na hii mikono yangu."

Watu wakapiga makofi. Mama akanigeukia, akaniuliza polepole, bila ukali wowote: "Goreth, na wewe ulitengeneza nini?"

Ningesema nini? Mwalimu mzima kasema ni yeye, mbele ya mapadri. Baadaye Mwalimu Perpetua alijaribu kumweleza mama, mama akaitikia kwa adabu, ile adabu ya mtu anayeona anapozwa.

Inabidi mtu amjue mama yangu ili aelewe. Sisi tulirudi. Mimi nilizaliwa kambini, Kigoma, nikakulia huko, na tuliporudi Burundi tulikuta kiwanja cha babu kina wenyewe wapya. Mama alikwenda mbele ya wakubwa mara nyingi kuliko anavyokwenda sokoni, kusema kitu kile kile kwa maneno yale yale: mti huu alipanda baba, mpaka ulipita hapa. Walimwita mwongo mpaka wakachoka. Siku waliyomrudishia nusu ya kiwanja alituita watoto wote, akatuambia kwamba mtu aliyerudi hana mali isipokuwa neno lake. Likichafuka, hana kitu.

Na mimi, kwa macho yake, nilimwita kutoka Butihinda hadi Gitega kuja kusikia uongo.

Mwaka mzima tumeongea kwa simu kila Jumapili. Ameniuliza afya, chakula, misa, viatu. Kazi hajaniuliza.

Hata mara moja.

Kwa hiyo Mwalimu Perpetua aliporudi mwaka huu akisema safari hii ni Daudi na Goliathi, na wanahitaji chapeo, na mchezo utapelekwa Muyinga, uwanja wa kanisa wa Butihinda, niliuliza kitu kimoja tu. Nani atakuwa Goliathi?

"Nestor," akasema, akiangalia chini. "Pole, binti yangu. Ni yeye ndiye ana urefu."

Nikamwambia hakuna shida. Moyoni nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma.

Chapeo nimeitengeneza kwa wiki tatu, baada ya kazi. Kwanza kichwa cha udongo, juu yake mfuko wa plastiki ili isinate, kisha faiba matabaka manne, mastiki ya kuziba vishimo, msasa, rangi. Nje imetoka nzuri, sitajishusha. Ina mashavu yanayoshuka hadi kidevuni, ina kishungi cha katani nilichokipaka rangi nyekundu, na rangi yake ya shaba niliichanganya mara tano mpaka Mzee Rajabu akaigonga kwa ukucha kuhakikisha si chuma.

Lakini nje ni nje. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Faiba ikikauka, upande wa ndani hubaki na nywele. Ni vinyuzi vyembamba vya kioo, vingine huvioni kwa macho, vimesimama vinakungoja. Kwenye bampa hatuvijali, kwa sababu ndani ya bampa hakai mtu. Kwenye kitu cha kuvaa kichwani ni lazima ukate, usugue kwa msasa na maji ili vumbi lisiruke, upake rezini nyingine, usugue tena, halafu ubandike sponji na kitambaa. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa imebaki wiki hii: kumaliza ndani.

Nilimaliza nyuma. Nilimaliza utosini, na masikio, ambapo nilitoboa matundu ili asikie wenzake wakisema. Kisha nikafika kwenye paji la uso.

Pale sikusugua.

Niliacha ukanda wa upana wa vidole vitatu, kutoka panja hadi panja, na nywele zake zote. Nisiwe mwongo: sikuuacha tu, niliupitishia msasa wa mawe makubwa, mkavu, ili zisimame vizuri zaidi. Juu yake nikashikiza kipande cha kitambaa chepesi, cha kupendeza macho. Jasho likianza na chapeo ikigandamiza, vinyuzi vingepita kwenye kitambaa kile bila kubisha hodi. Nilimwona Goliathi mbele ya watu wa Butihinda akijikuna uso kwa mikono miwili, akitupa mkuki, akililia maji. Niliiona picha hiyo nikiwa kazini, nikila, nikisali. Naomba nisamehewe hiyo ya kusali.

Ijumaa, saa nane mchana, Nestor akaja gerejini kuchukua chapeo.

Alikuja na shati lake la shule, kalamu mfukoni. Tulisalimiana vizuri, kama watu wasio na jambo. Nikafungua chupa ya chai, nikamimina vikombe viwili, nikanywa funda moja kwenye kikombe chake, nikampa. Huku ndivyo tunavyofanya. Anayetoa ndiye anayeonja kwanza, iwe chai, maziwa au pombe ya ndizi, na soda hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni. Hakuna anayekasirika. Ni adabu ya kumtoa mtu wasiwasi kwamba umemwekea kitu. Mikono yangu inaifanya bila hata kuniuliza.

Nestor akanywa, akaweka kikombe, akaiangalia chapeo juu ya meza.

"Na hii?"

"Hii nini?"

"Hii kaske. We onja nayo kwanza."

Alikuwa anacheka. Macho yake hayakuwa yanacheka.

Ningekataa ningekuwa nimekiri. Ningesema imekaza, imelegea, kichwa changu ni kidogo, angejua. Mzee Rajabu alikuwa pale pale chini ya gari, miguu nje, anasikiliza. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilifundishwa methali hiyo darasa la tatu, kambini, na sikuwahi kudhani nitapimwa.

Nikaivaa.

Mwanzo hakikutokea kitu. Nikafikiri labda nimeponea. Nestor akasema nitembee, nikatembea. Geuka, nikageuka. Inama, maana Goliathi atainama. Nilipoinama uzito wote ukaja mbele, na paji la uso likaanza kuchomwa, sindano moja, kumi, kisha sikuweza kuhesabu. Nikatabasamu. Meno yote nje.

Basi hapo, mimi nikiwa ndani na moto wangu, Nestor akaamua kuongea.

"Mwaka jana ile simba mi niliivaa bila mutu kuionja," akasema. "Siku ya kwanza uso ikaanza kuwaka. Hapa, toka huku mpaka huku." Akapitisha kidole kwenye paji lake. "Siku ya pili ikavimba. Ya tatu mi nikavaa tu, juu watu walikuwa wamekuja. Wiki mbili, Goreth. Ndani ya darasa wanafunzi wananiangalia kama iko na ukoma. Nyumbani wakaniuliza, huyu binti wa rapatriés, wale walirudi, we ulimufanya nini mpaka akutegee dawa? Mi nikasema sijamufanya kitu."

Matundu ya masikio niliyoyatoboa ni mazuri mno. Kila neno liliingia.

"Donc siku ile wananiuliza nani alitengeneza, jina lako ikakataa kutoka. Nikaimeza. Nikasema ni mi. Niliona nikusifu, halafu we umeniharibu uso? Hapana."

"Kwa nini hukuniuliza?" Sauti yangu ndani ya chapeo ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka.

"Mambo kama hiyo inaulizwaga?"

Haiulizwi. Hiyo ni kweli. Mtu haendi kwa mwenzake akasema, samahani, hivi wewe umenitilia sumu? Unanyamaza, unaacha kula kwake, na jina lake unaliondoa mdomoni. Kila mtu hapa anajua hivyo, mimi pia.

Na simba. Nilimkumbuka simba. Ndani ya simba nilikata kingo tu, nikabandika kitenge juu ya faiba mbichi, nikaona pamependeza. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kuvaliwa. Maisha yangu yote nilikuwa nimetengeneza bampa, na ndani ya bampa hakai mtu.

Sikumtegea. Nilikuwa sijui kazi. Sijui lipi ni baya zaidi kwa fundi kulikiri.

Nikamwambia, "Nestor, sikukuwekea dawa. Ni nyuzi za faiba. Sikujua."

Akainua mabega. "Basi tuseme vile."

Akanyoosha mikono. Nilikuwa nimeonja, nilikuwa nimetabasamu, adabu ilikuwa imetimia, na angeivaa bila wasiwasi wowote. Mwaka mzima nilikuwa nimeingoja mikono hiyo.

"Bado," nikasema. "Nyuma haijakaa. Nitakupa kesho asubuhi kwenye gari."

Mtu asije akaandika hapa chini kwamba nilimsamehe. Sikumsamehe. Alimeza jina langu mbele ya mama yangu, na hakuna vipele vinavyofuta hilo. Nilipiga hesabu tu, harakaharaka, na uso unawaka. Chapeo ikimuwasha, atalimeza jina langu mara ya pili, na safari hii atakuwa na haki. Uongo wake naweza kuubeba. Haki nisingeweza kumpa.

Niliamua kumnyima sababu.

Alipoondoka nikakimbilia jikoni nyuma ya gereji, nikachota maji ya moto ya chai ya mchana, nikajisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka nikaona nyota. Mzee Rajabu alitoka chini ya gari, akaniangalia.

"We binti, hiyo uso imekuwa bampa?"

"Mzee, niache."

"Mi nakuacha. Lakini hiyo kitu umeweka pale mbele, mi niliona tangu jana. Nilikuwa nangoja nione kama we ni fundi ao ni mushenzi."

Akarudi chini ya gari lake. Jibu nilikuwa nalo usoni.

Nikang'oa kitambaa chote. Nikakata nywele kwa wembe, moja moja pale zilipokuwa ndefu. Nikasugua kwa msasa na maji, mkubwa kwanza, kisha wa kati, kisha ule mwororo unaotumiwa kwenye rangi. Nikapaka rezini, nikaiweka juani, ikakauka, nikasugua tena. Nilisugua kwa hasira, na hasira ni msaidizi mzuri wa msasa, haichoki. Kila nilipodhani pametosha nilipitisha soksi ya nailoni. Soksi ikinasa hata uzi mmoja, bado. Ilinasa mara nne. Mara ya tano ikateleza kutoka panja hadi panja.

Sponji ya gereji ilikuwa imekwisha, na maduka ya karibu yalikuwa na ile ngumu ya viti. Nikaenda chumbani kwangu nikakata godoro langu. Sasa lina shimo upande wa kiuno, na kila nikigeuka nalikumbuka jina la Nestor. Kitambaa cha juu nilikata kwenye shuka langu la pamba, lililolainika kwa kufuliwa. Nikaingiza kichwa. Uso wangu tayari ulikuwa mbichi, kila kitu kilikuwa kinauchoma, hata upepo. Chapeo haikuuchoma.

Jumamosi asubuhi, Mushasha, mbele ya gari la kundi. Nilikuwa nimefunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Nestor aliichukua chapeo na hakuniambia nionje. Aliivaa, akageuza shingo kushoto, kulia, akainama.

"Iko fiti," akasema. "Iko kama mutu alinipima huku ananipenda."

Nikapanda gari, na kuanzia Gitega hadi Karuzi nilijifanya nimelala. Kuanzia Karuzi nilijikuna kwa siri.

Mama alinipokea hapa nyumbani jana alasiri. Hakuuliza kilichonileta, ingawa nilimwambia kwa simu kwamba kuna mchezo. Aliuliza kwa nini nimejifunga kama mgonjwa. Nikasema vumbi. Akaitikia, "Haya." Haya yake ile ya mwaka mzima.

Leo baada ya misa uwanja ulijaa. Nilikaa na mama kwenye nyasi, mbele kabisa, jirani zake wakiwa wametuzunguka. Daudi alikuwa Salvator, fundi viatu wa Gitega, mtu mzima mfupi mwenye miguu ya haraka, na jiwe lake lilikuwa sponji iliyobaki ya godoro langu. Nestor alipotokea na chapeo ile, uwanja ulisema "yoo" kwa pamoja. Alinguruma, akatukana jeshi la Israeli, akainama, akazunguka, chapeo imetulia kichwani. Jiwe lilipompiga alianguka polepole kupita kiasi, kama anavyofanya kila kitu. Sikuona mkono wake ukienda usoni hata mara moja. Nilikuwa nauangalia mkono huo tu.

Halafu katekista akachukua kipaza sauti, akauliza lile swali.

Nani ametengeneza kaske hii?

Nilihisi mama anakauka pembeni yangu. Nestor akaivua, akapokea kipaza sauti. Uso wake ulikuwa na jasho, msafi, hauna alama.

"Hii kaske," akasema, "ni kazi ya Goreth, mutoto wa Mama Asteria, wa hapa hapa Butihinda. Na ile simba ya mwaka jana, Gitega, nayo ni yeye. Mi nilisema uongo." Uwanja ukanong'ona. "Na hii ya leo aliivaa yeye kwanza, mbele yangu, ndio mi nikavaa. Goreth, kuja."

Mama alisimama kabla yangu. Akanishika chini ya kwapa akaniinua, kama nina miaka minne, akanisukuma mbele. Sikumwona uso. Nilimsikia akiwaambia majirani, kwa ile sauti aliyotumia mbele ya wakubwa wakati wa kiwanja: "Ni wangu. Alinieleza. Alinieleza tangu mwaka jana."

Nilikuwa nimeingoja sauti hiyo. Kama siku ingeishia hapo ningeandika kurasa kumi za kujisifu.

Mwalimu Perpetua alinikumbatia kwa nguvu, anavyokumbatia watu wote, na mkono wake ukavuta kitambaa changu nyuma. Upepo ukanipiga usoni. Nikakirudisha haraka, lakini Nestor alikuwa hatua moja mbele yangu, anatazama.

Ukanda mwekundu, uliovimba. Upana wa vidole vitatu. Kutoka huku mpaka huku.

Watu elfu nzima wangeuona wasingejua ni nini. Wangesema joto, wangesema vumbi. Pale uwanjani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kuwa na alama hiyo, na alikuwa ameshika kipaza sauti.

Akaigeuza chapeo. Akaingiza vidole ndani, akavipitisha kwenye paji, polepole, kama ninavyofanya mimi na soksi. Laini. Akaniangalia tena. Ni mwalimu wa hesabu. Nikaona anajumlisha: Ijumaa niliivaa, nikatabasamu, nikasema bado.

Nilingoja. Neno moja lingetosha. Mama alikuwa bado amesimama.

"Goreth," akasema kwenye kipaza sauti. "Goreth, mutoto wa Mama Asteria. Mupigie makofi."

Wakapiga. Akaniwekea chapeo mikononi, na aliponipita kushuka jukwaani, kipaza sauti kikiwa mbali na mdomo, akaniambia, "Weka maji baridi. Ya moto inazidisha. Mi najua."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka aaibike mbele ya watu wote, na yeye kaniaibisha bila mtu mwingine hata mmoja kujua. Sasa nimchukieje? Nimejaribu tangu saa saba mchana. Nikilifungua kosa lake nakuta langu limelala pembeni yake.

Mama ametoka ndani sasa hivi na beseni la maji. Ameona, bila shaka, kitambaa kilishuka mara ya pili tulipokuwa tunakula. Ameuliza, "Hii nayo ni vumbi, mwana wanje, mwanangu?" Nikamwambia ni kazi. Akasema, "Basi nieleze hiyo kazi. Mwanzo." Amekaa kwenye mkeka, anasubiri, na kitambaa kibichi mkononi. Mwaka mzima nimetaka aniulize, na sasa ameuliza siku ambayo jibu la kweli ni baya. Nitamwambia lote. Neno lake sitalichafua, hata kama langu litaonekana lilivyo.

Na kuna hili. Simba bado yuko stoo ya kanisa, Mushasha, na kitenge changu kimebandikwa juu ya nywele zile zile. Jumanne nikifika Gitega nitaomba ufunguo. Nitang'oa, nitakata, nitasugua mpaka soksi iteleze. Na kabla mtu yeyote hajamvaa tena, nitamvaa mimi.